Nilipokwenda ustawi wa jamii Chake kumtaja mjomba wangu

Wakuu, asalaam aleikum. ID hii nimeifungua kwa ajili ya uzi huu tu, msinitafute. Yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni mwanamke wa Ole, Pemba, nina watoto wangu sasa. Nilipokuwa mdogo mjomba wangu alinifanyia mambo ambayo mtu mzima hamfanyii mtoto. Sitayaeleza, mmenielewa.

Nilinyamaza miaka yote. Kwetu kuna kitu kinaitwa muhali. Mkosaji unamjua, lakini ni ndugu, utamtazama vipi usoni? Basi yanamalizwa ndani, na kumalizwa maana yake mtoto anyamaze.

Juzi kati dada yangu akaniambia binti yake anahamia Wawi kusoma, atakaa kwa mjomba huyo huyo. Nikamwambia asimpeleke, akaniuliza sababu, nikaaga bila kuitaja.

Asubuhi yake nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii Chake Chake.

Sasa watu wa bara niwaeleze. Pemba ukikutana na mtu, mara moja atakuuliza wewe mtoto wa nani, kwenu wapi. Hamjamaliza salamu mshakuwa ndugu, na udugu ukiingia, muhali nao uko mlangoni. Hilo nililiogopa kuliko hata kusema kwenyewe.

Bi niliyemkuta ofisini hakuuliza. Alifunga mlango, akasema, "Wa nani utanambia baadae. Nambie kwanza lililokuleta."

Nikasema yote. Nililia mpaka nikaona haya. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa.

Alipotaka jina la mjomba nikamtajia. Akaweka kalamu chini.

"Huyu ni mtoto wa mamaangu mdogo," akasema.

Wakuu, nilishika mkoba niondoke. Nilijua yameisha.

"Kaa kitako, mwanangu. Mie kesi hii siishiki, ntakuitia mwenzangu asokuwa na udugu naye. Lakini nshakusikia, na nakuamini. Na mtoto yule hendi Wawi."

Mwenzake alikuja, mwanamme wa makamo. Hakunidanganya, alisema jambo la zamani ushahidi wake ni mgumu. Lakini jioni ile ile alifuatana nami hadi kwa dada, maana peke yangu nisingeweza. Dada alilia, mtoto hakwenda.

Faili liko polisi. Jamaa wengine hawanisalimii, na mimi nalala usingizi. Alhamdulillah. Wale wawili nawaombea kila sala.

Nilichojifunza: anayekusikia vizuri mara ya kwanza amekubebea nusu ya mzigo.

Sasa kilichonileta hapa. Jana binamu yangu mmoja, katika hao walioninunia, alikuja nyumbani. Akaniuliza, "Ulipoingia pale, ulianzaje kusema?"

Kesho nampeleka. Kama wewe uliwahi kusema la kwako, andika hapa ulianzaje, nimsomee njiani.