Msimu wa Majani Mabovu

Mwanangu, ipo siku moja ya kule Doha hainitoki moyoni, na mengine mengi nimeshayasahau. Miaka ile ya elfu mbili na ushei damu bado inachemka, nafanya kazi za ndani katika nyumba moja ya mtaa wa Muaither. Nyuma kulikuwa na mikunazi minene, na kivulini mwake mama mwenye nyumba alipanda nargisi, maua meupe yanayoota kwenye vitunguu vyake vilivyozikwa udongoni na kuchanua wakati wa baridi. Wiki chache ua mzima unanukia, kisha basi. Yanabaki majani, yanageuka manjano, yanalala chini kama nywele zisizochanwa.

Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu msichana hanywi chai kabla hajafagia uwanja, na jani bovu uani ni aibu ya mama yako. Nikachukua mkasi, nikashika fungu la kwanza.

"Zaituni, weka chini huo mkasi," akasema Bi Mwanaisha, mpishi wetu, mtu mzima wa Unguja aliyenifanya mwanawe mle ndani. "Maua yamekwisha, lakini kitunguu ndiyo kwanza kinakula, na kinakula kwa majani hayo. Ukiyakata leo, mwakani hutoona ua. Yamwagilie."

Nikanuna. Nikamjibu kwamba kumwagilia kitu kinachokufa ni kazi bure. Akaniangalia sana.

"Ndiyo maana Ijumaa hii hukupiga simu nyumbani?"

Hapo nililia, mwanangu. Binti yangu nilimwacha kwa mama ndiyo kwanza anatembea. Nilipokwenda likizo, keshatimiza miaka mitano, alinikimbia, na kila nikipiga simu anaishika tu, haongei. Nasikia pumzi zake, kisha anamrudishia bibi yake. Nikajisemea, fimbo ya mbali haiui nyoka. Bora niwe natuma matumizi tu, niache kujiumiza.

"Piga," akasema Bi Mwanaisha. "Asiposema, sema wewe. Mwambie hata ulichokula." Akanipa mpira wa maji, akarudi kwenye sufuria zake.

Basi nikawa naongea peke yangu kwenye simu kama mwendawazimu: leo tumepika samaki, leo vumbi limetuingilia mpaka kitandani. Joto likaja, likaondoka. Ijumaa moja niko katikati ya habari za samaki, nikasikia kisauti: "Mama, jino langu limeng'oka." Nilikaa chini jikoni pale pale. Nikamuuliza ni jino lipi.

Wewe unayefunga sanduku leo na kuacha kitoto nyuma, nisikilize. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mapenzi yana msimu wa maua na msimu wa majani mabovu, na huu wa pili ndio unaotaka maji. Usinyamaze kwa sababu umenyamaziwa. Sema naye, hata kama jibu lake ni pumzi tu.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uendako, akurudishe na afya yako, na siku utakayobisha hodi, mwanao akujue kwa sauti kabla hajafungua mlango.