Laini ya Marehemu

Mzee Uhakika hakuwahi kukanyaga darasa, na mpira wenyewe hakuupenda. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu mechi itaishaje. Alikaa kwenye benchi la fundi simu, ukuta mmoja na duka la kubeti, simu yake gotini. Waliotoka mle dukani na sura za watu waliofiwa na ng'ombe walimpa namba zao wenyewe.

Ujanja wake ulikuwa huu. Kila Jumamosi alichagua mechi moja kubwa. Dukani unaweza kubeti kwamba yatafungwa magoli matatu au zaidi, au kwamba hayatafika matatu. Hakuna njia ya tatu. Basi namba zote alizonazo alizikata katikati: za juu akazitumia meseji ya "mengi", za chini akazitumia "machache". Mechi ikiisha, nusu wanamtukana, fundi simu anawafuta. Nusu wanamsifu, na hao Jumamosi ijayo anawakata tena katikati. Wanaobaki mwisho ni wachache, na hawajawahi kuona akikosea. Hao ndio anawapigia simu, wanalipa bila kuuliza bei mara mbili.

Majina hakuyasoma. Meseji mbili fundi simu alimwandikia zamani, naye alizijua kwa umbo: mengi fupi, machache refu.

"Mzee, wewe si mwizi," fundi simu alimwambia siku moja. "Wewe ni chekeche."

"Ndiyo," alisema.

Mkewe alipofariki alikaa ndani mpaka watu wakatawanyika, mikeka ikakunjwa, kisha akarudi benchini. Hakulia kwenye mazishi na hakulia baadaye. Alikunywa chai na hakujua kama ina sukari. Aliyempa pole alimjibu nimeshapoa, na ilikuwa kweli, alikuwa amepoa kama jiko la jana. Jumamosi zikaja, akatuma mengi, akatuma machache, kama mtu anayechambua mchele wa jirani.

Alhamisi moja, mchana, shemeji yake akaja. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mshonaji. Alirithi vitu viwili vya dada yake: cherehani ya miguu, na simu, laini ikiwa ndani.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Nzuri, Shemeji."

"Unakula?"

"Nakula."

"Muongo. Shati limekuwa dera." Akajibana kwenye benchi. "Nimekuja kukwambia uiage cherehani. Nimepata mnunuzi, kesho anaichukua."

"Na wewe utashona kwa nini, kwa meno?"

"Nitanunua ya umeme. Nitanunua hata mbili. Hiyo pesa yote naiweka kwenye mechi ya Jumamosi."

Fundi simu aliinua kichwa, kisha akakirudisha kwenye kazi yake.

Mwanamke akatoa simu ya dada yake mfukoni, akaifuta kioo kwa kiganja. "Tangu alipoondoka, inaingia. Kila Jumamosi. Haijakosea hata moja. Namba ni yako, Shemeji, mimi si mtoto. Lakini anayekuambia si wewe. Wewe hata kona huijui, unadhani ni ya barabara. Anayekuambia ni Dada."

Mzee Uhakika aliitazama ile simu. Zamani mkewe alisema naye atumiwe, ajue ameolewa na mtabiri au na mbwabwajaji. Namba yake ikaingizwa pamoja na za wengine. Hakuna aliyekumbuka kuitoa. Kila alipokata katikati, ilikuwa imeangukia upande uliopata.

"Shemeji, sikia. Hakuna anayeniambia. Nusu nawapa hivi, nusu nawapa vile."

"Mbona mimi sijapewa vile?"

"Lazima abaki mtu ambaye hajawahi kupewa iliyokosea."

"Na katika watu wote hao, mtu mwenyewe ikawa laini ya Dada." Alitabasamu. Tangu msiba hakuwa ametabasamu. "Shemeji, mwenye macho haambiwi tazama."

Mzee alijaribu tena kueleza. Kila neno lilikuwa kama kuzima moto kwa mafuta ya taa. Mwanamke aliitikia kwa kichwa, kwa huruma, kama anayemsikiliza mgonjwa.

"Usipotuma wewe, atapata njia nyingine," alisema.

Mzee akachukua simu yake gotini. Kisha akamwambia, "Ishike simu."

Akatafuta namba ya mkewe, hiyo aliijua kwa moyo, akatuma ile fupi. Simu ikalia mkononi mwa shemeji yake. Akasoma, uso ukakunjuka. "Mengi," alisema. "Si nilikwambia."

Akatuma ile refu. Simu ikalia.

Mwanamke akasoma, akasoma tena. "Ya kwanza ndiyo yake."

Mzee akatuma fupi. Akatuma refu. Fupi, refu, fupi, refu. Kidole chake kilienda bila haraka na bila hasira. Simu ililia na kulia, na kabla haijamaliza mlio mmoja ilianza mwingine. Fundi simu aliweka bisibisi chini. Mtu aliyekuwa anatoka dukani alisimama kuangalia.

"Basi, Shemeji." Mwanamke aliifunika simu kwa viganja vyote viwili. "Basi. Imetosha."

Akaacha.

Ndani ya duka televisheni ilitangaza vikosi.

"Kwa hiyo hakuwa yeye."

"Hakuwa."

"Hata mara moja?"

Hapo angeweza kumwachia moja. Alilitafuta neno la kumwachia, hakulipata.

"Hata mara moja."

Mwanamke alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa laini, akaiweka juu ya benchi katikati yao. Akaondoka bila kuaga.

"Mzee," fundi simu alisema, "umefukuza mteja."

"Si mteja. Ni shemeji yangu."

Kesho yake alipitia kwa mshonaji. Hakujua angesema nini. Kutoka uchochoroni aliisikia cherehani ikikimbia, ile ile, na mguu wake mmoja unaolia. Akasimama dirishani. Mwanamke alikuwa ameinama juu ya gauni la mtu, macho mekundu, pini mdomoni. Hakumtazama. Alizitoa pini.

"Shemeji, ukisimama hapo unaniziba mwanga."

Akasogea.