Ufunguo wa Barua za Asali

Nikikumbuka nakasirika, nacheka, halafu nakasirika tena.

Kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Mitundu kilinipa kazi ya kuandika barua pepe kwa sababu niliishia kidato cha pili. Kwetu hiyo inatosha kuitwa injinia. Asali ilishajaa kwenye ndoo sebuleni kwa mama mweka hazina, watoto wake wanakula wamesimama, na mnunuzi wa Dar kimya. Nikampigia.

"Sijaona barua," akasema. Kumbe zote zilitupwa kwenye spamu pamoja na za matapeli. Sisi!

Nikajitumia barua, nikafungua maandishi yake ya ndani. Sahihi ya kikundi, ile inayowekwa na mashine, ilikuwepo, pembeni kuna herufi s na neno asali. Hilo ndilo jina la ufunguo wa kuihakiki. Bila jina hilo utatafuta mpaka uzeeke. Nikaandika asali, nikaunga neno _domainkey na jina letu la mtandaoni, nikauliza DNS, daftari la majina ya mtandao ambalo dunia nzima inaruhusiwa kusoma. Jibu: hakuna kitu. Basi sahihi yetu haikuwa na wa kuihakiki, ndiyo maana tukaonekana matapeli.

Nikampigia fundi wa mjini aliyetuwekea barua pepe. "We jamaa, ufunguo wetu uko wapi?"

"Nyie si mlisema nifute? Muulize mama yenu wa hazina."

Nikaenda mbio. "Shikamoo mama. Ulimwambia fundi afute ufunguo?"

"Marahaba. Ndiyo! Ufunguo wa kikundi unaanikwa nje kama kanga? Sanduku letu la pesa lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Hata mume wangu hajui wangu ulipo!"

"Mama, ule wa siri uko kwenye mashine, ndio unaosaini. Huu wa nje ni wa kukagulia tu, haufungui kitu. Ni kama chapa ya mizinga: porini kila mtu anaiona, lakini chuma cha kuchomea unacho wewe ndani."

Kisha akanigeuzia kibao. "Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Msomi mzima!"

Hasira zangu zote zikaniisha, nikampigia fundi tena.

Fundi akaurudisha, nikaandika upya, mnunuzi akajibu siku hiyohiyo: asali ameshapata kwingine, atachukua nusu tu. Nusu! Kwa sababu ya mstari mmoja uliofutwa!

Siku hizi nikienda kwa mama sipewi kiti. "Kaa hapo, injinia," ananionyesha ndoo ya asali iliyobaki. "Hiyo ni ya kwako."