Jini la Kunde

Shangazi yangu anaishi Marereni, kwenye shamba linalopakana na mabwawa ya chumvi, na miaka hii maji ya bahari yanaliingia chini kwa chini. Mihogo imeoza. Majirani wamehama. Aliapa kwamba kunde nazo zikikataa, atafunga mlango aje kwangu Kilifi, ghorofani, asikoweza kufuga hata kuku. Nilikwisha kumtandikia kitanda. Kila nikikitaja, hununa kama aliyehukumiwa kifungo.

Mimi nafanya kazi ya maabara, na kazi yenyewe tamu, wallahi. Ndani ya mmea mna jeni, yaani maagizo ya namna ya kuishi, na mbele ya kila jeni pana kipande kidogo mfano wa swichi ya taa. Chumvi ikizidi au jua likikaza, baadhi ya swichi hizo huwaka, mmea ukaanza kujihami. Kutwa najiuliza: swichi ipi, na inajuaje?

Nilimweleza shangazi haya siku moja akipepeta mchele. Nikamwambia mmea ukistarehe, jeni hizo hulala, ukiteseka, huamka. Akauweka ungo chini, macho yamemtoka. Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Niliporudi kumtazama, kunde zilikuwa manjano, zimejikunja. Ndoo aliyokuwa akizibebea maji matamu kila asubuhi ilikuwa imefudikizwa mlangoni.

"Shikamoo, shangazi. Mbona hukumwagilia?"

"Marahaba. Nimwagilie nini? Si wewe uliyesema jini likistareheshwa hulala?"

"Jini gani tena?"

"La kunde! Nimeliacha liteseke liamke. Hata ubani nimelifukizia."

Toba! Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikamwona usoni, nikainuka.

"Ni jeni, shangazi, si jini. Na kuamka si kupona. Mtu huamka nyumba ikiungua, na nyumba ikateketea vilevile."

"Ungesema mapema," akasema, akaiinua ndoo.

Tukachota maji, tukamwagia shina kwa shina. Mwisho wa tuta tukakuta mmea mmoja umesimama, majani kijani kibichi. Udongo uleule, chumvi ileile, kiu ileile. Sasa huu una nini? Nikapiga magoti, nikaugeuza jani baada ya jani. Sikujua, na raha niliyoiona kwa kutojua huko siwezi kuieleza. Shangazi akainama kando yangu, akagonga shina kwa ukucha.

"Hodi humo ndani," akasema. "Kama u macho, itika."

Nilirudi Kilifi na jani moja ndani ya barafu. Nilikuwa ningali nahangaika nalo maabarani aliponipigia simu. Hakungoja hata nimwamkie.

"Limezaa, hilo jini lako. Maganda yamejaa, mbegu ninayo."

"Jeni, shangazi."

"Haya, jeni. Kile kitanda ulichonitandikia, kitandue."