Kazi ya Mama ku Karatasi

Siku ya lundi ku bureau ya commune, tata wa guichet, karani wa bitambulisho, alikuwa anaandika kazi ya kila mama bila kuuliza: «ménagère», mama wa nyumba. Mama mwenye alikuwa mbele yangu akagonga karatasi na kidole.

— Tata, futa. Mi niko chauffeur wa benne, ile camion kubwa ya kubeba mawe ku mine.

— Bamama bote tunaandikaka vile.

— Basi kesho kuya uendeshe weye ile benne!

Mulongo muzima ukacheka. Tata akafuta. Zamu yangu ikafika, nikasoma karatasi yangu, mi mwenyewe, pole pole: ménagère.

— Futa, tata. Andika mwanafunzi.

— Na mvi yote hii?

— Tunajifunza nayo kusoma pamoja ku kanisa, kila siku ya samedi.

Akaandika. Ku moto, ile pikipiki ya taxi, nikasoma karatasi kwa sauti mpaka kwetu Kapata. Mwenye kuendesha akageuka:

— Mama, nimeshasikia. Uko mwanafunzi!