Goti Linaanzia Wapi

Wakili niliyemfanyia kazi alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: inategemea. Mtu aliuliza kama mwenye nyumba anaweza kumtolea vyombo nje kabla ya mwezi kuisha, inategemea. Mwingine aliuliza kama mke aliyerudi kwao anaruhusiwa kuondoka na watoto, inategemea. Jirani kasogeza mpaka, mbuzi wa mtu kala mihogo ya mtu, polisi kaingia chumbani bila hati, yote yalitegemea. Yalitegemea nini, hakuna aliyeambiwa, na watu walishuka ngazi wakishukuru kana kwamba wamepewa dawa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake na mkalimani wake. Ofisi ilikuwa katikati ya Kampala, juu ya duka ambalo mwenyewe, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini, na aliyepewa hakujua bei ya kitu chochote kilichokuwa ndani. Wakili alisomea sheria Ulaya, na Kiswahili alikidharau. Alisema ni lugha ya kambini, ya watu waliozoea kuamrishana. Lakini wateja wake wengi walikuwa wake wa askari na wachuuzi kutoka Kongo, na hao hawakujua Kiingereza chake. Ndiyo maana aliniajiri. Mimi ni binti wa polisi wa kaskazini, nimekulia kwenye nyumba za askari chini ya mlima wa Kibuli, na lugha hiyo ndiyo niliyogombania nayo maji ya bomba tangu nikiwa mdogo. Aliidharau kutwa nzima na jioni alinunua nyama kwa sababu yake.

Kisha ikatoka amri ya nguo za wanawake. Serikali iliyokuwa ikipakia watu kwenye buti za magari mchana kweupe iligundua kwamba kinacholiharibu taifa ni magoti. Gauni lisipande juu ya goti kupita inchi kadhaa. Wigi marufuku. Baadaye wakaongeza kwamba hata nguo ndefu isiwe na mpasuo. Yote haya yalisomwa redioni kwa sauti ileile iliyotumika kutangaza maadui wa nchi, na wanaume wazima wenye nyota mabegani wakapewa kazi ya kusimama barabarani kutazama miguu.

Benchi letu la kungojea likajaa wanawake. Goti linaanzia wapi, juu ya kile kifupa au chini yake? Hupimwa nimesimama au nimeketi? Anayepima ni nani, na anapopima aweke mkono wapi? Nikinenepa baada ya kuzaa na gauni likapanda, kosa ni la nani? Mke wa koplo mmoja aliuliza kama mume wake ana ruhusa ya kumkamata ndani ya nyumba, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumtishia. Wakili aliyaita maswali ya kijinga. Mimi niliyatafsiri moja baada ya jingine na sikuona ujinga wowote ndani yake. Walikuwa watu wenye akili timamu waliotupiwa sheria ya kipumbavu, na walikuwa wakijaribu kuishi nayo.

Pale kwenye benchi kila mtu alikuwa wakili. Muuza ndizi alimshauri karani, karani alimshauri mkunga, na ushauri ulikuwa mmoja: kubali kosa, lipa faini, nenda zako. Wakili wetu naye alishauri hivyohivyo, kwa Kiingereza kizuri zaidi. Kesi ya kukubali kosa ilimalizika mapema, naye alipenda kuwahi chakula cha mchana.

Ijumaa moja aliingia mama wa Kikongo aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kando ya reli kule Namuwongo. Alikuwa amevaa kitenge hadi kwenye vifundo vya miguu, kingine mabegani, kilemba kichwani. Nilidhani amekuja kwa shida ya mtu mwingine.

"Una kesi gani, mama?" nikamuuliza.

"Banasema niko naonyesha magoti," akasema. "Miye. Na hii kitenge."

Ilikuwa hivi. Kitenge cha kujifunga hakina mshono. Unakizungusha kiunoni, unachomeka ncha, na upande mmoja unalalia mwingine. Mama zetu wote wamejifunga hivyo na hakuna aliyewahi kuwaita wahuni. Sasa kule Namuwongo, karibu na reli, kulikuwa na mtaro mpana wa maji machafu usio na daraja, na kila aliyepita ilimbidi auruke. Askari mmoja alikuwa ameusoma vizuri ule mtaro. Alisimama ng'ambo tangu asubuhi akingoja. Yule mama aliruka akiwa na beseni la samaki kichwani, kitenge kikafunguka kidogo kama vinavyofunguka vitenge vyote, na askari akasema huo ni mpasuo. Mama alilala kituoni usiku huo. Asubuhi walimwachia kwa dhamana, aje mahakamani Jumatatu. Samaki walibaki kituoni na hawakuonekana tena.

Hayo yote aliyaeleza bila kupandisha sauti. Kisha akafika kwenye jambo lililomleta. Kituoni walimwambia kwamba mgeni akipatikana na hatia anapelekwa mpakani na kusukumwa kwao. Kwao alikimbia mapigano kwa miguu, mtoto mchanga mgongoni, na ndugu aliowaacha nyuma hawakuwa hai tena. Yule mtoto sasa alikuwa akisoma shule ya msingi pale Kibuli. Mama alitaka kujua kitu kimoja tu: wakimpeleka mpakani, mtoto anabaki na nani?

Nilimtafsiria wakili. Kwa mara ya kwanza sikumsikia akisema inategemea. Alisema inawezekana kabisa wakampeleka.

"Basi tumwambie akane kosa," nikasema.

"Akikana atawekwa ndani mpaka kesi isikilizwe," akajibu. "Unajua yanayowapata siku hizi watu wanaoingia ndani. Mwambie akubali, labda hakimu atamwonea huruma."

Hapo alisema kweli, sitamdhulumu. Siku zile mtu aliweza kuingia mahabusu kwa ajili ya samaki na asionekane tena. Lakini mpime mwenyewe mtu huyu na elimu yake yote: akikubali, mpakani; akikana, mahabusu. Hiyo ndiyo bidhaa tuliyokuwa nayo dukani. Nilimtafsiria yule mama huku nikiona aibu, na aibu hiyo haikuwa yangu.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia wakili mwenyewe, akamwita metre, kama wanavyowaita mawakili kwao.

"Sasa metre, nivale nini?"

Wakili alikuwa amekwisha kusimama, koti mkononi. "Mwambie avae kitu kilichoshonwa," akasema. "Sheria inakataza mpasuo. Kikishonwa, hakuna mpasuo."

Nikamwambia.

"Kushonwa mupaka wapi?"

"Mpaka chini," wakili akasema akiwa mlangoni, na akaenda kula. Yule mama aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa somo, akanishukuru, akaondoka.

Jumatatu mahakama ilijaa. Jina lake liliitwa, hayupo. Likaitwa tena. Ndipo mlango ukafunguka, akaingia akiwa ameshikwa huku na huku na wanawake wawili wenzake, na nikaona kwa nini amechelewa. Kitenge kilikuwa kilekile. Alikuwa amekishona akiwa amekivaa, kwa uzi mweusi, kuanzia kiunoni hadi ukingoni kabisa, kikambana hata miguu yake ikawa inasogea kwa upana wa kiganja. Amefanya kama alivyoambiwa. Mtu wa nyuma yangu alianza kucheka na mwenzake akamziba mdomo.

Kizimba kilikuwa na kidato kirefu cha kupandia. Akafika, akasimama mbele yake. Hakimu alimwamuru apande.

"Siwezi," akasema.

Hakimu akauliza kwa nini.

"Dada, mwambie mukubwa: nikipandisha muguu, uzi inakatika. Uzi ikikatika, iko mupasuo. Miye niko nafata sheria."

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Raha zilikuwa chache katika kazi ile na hiyo ilikuwa mojawapo.

Hakimu alikuwa mtu mdogo mwenye miwani. Wakati ule hata majaji wakubwa hawakuwa na usalama kwenye viti vyao, na yeye alikuwa hakimu mdogo tu. Akicheka, kuna atakayepeleka habari kwamba ameicheka amri. Akikasirika, amkasirikie nani, na kwa kosa gani? Alimtazama wakili wetu. Wakili wetu alikuwa ameinamia karatasi zake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona maandishi. Mwishowe hakimu akaagiza mshtakiwa abebwe.

Aliyeitwa kumbeba, pamoja na mwenzake wa mlangoni, ni yuleyule askari wa mtaroni, aliyekuwa amekuja kutoa ushahidi.

"Wewe mama, nasumbua sana," akamwambia. "Simama muzuli, nabeba wewe."

Mwenzake akamshika makwapani. Yeye akainama, akayakumbatia magoti ya yule mama, yote mawili, akayabana kifuani mwake na kumwinua mbele ya mahakama nzima. Magoti ambayo kuyaona tu kwa kupita kulikuwa kumeidhuru nchi, sasa mwakilishi wa nchi alikuwa ameyakumbatia huku akihema. Hakuna aliyemfungulia mashtaka. Nilimdharau mtu yule kwa moyo wangu wote, na mpaka leo nikimkumbuka sijabadili nia.

Shtaka likasomwa. Mama akaulizwa kama anakubali. Wakili alimwashiria kwa kidevu akubali, na yeye hakumtazama.

"Ule askari akuje aonyeshe mupasuo iko wapi," akasema.

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamuuliza askari kama nguo hii ndiyo ile aliyomkamata nayo. Askari akajibu ndiyo, ni hiyohiyo, anaijua kwa maua yake. Basi aionyeshe mahakama ule mpasuo, hakimu akasema. Askari alikizunguka kizimba. Alichungulia mbele, akachungulia nyuma, akasema sasa umefungwa. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema mahakama haikuona mpasuo katika nguo iliyo mbele yake, na mshtakiwa aende nyumbani.

Nimesikia hukumu bora kuliko hiyo. Ile ilitolewa na mtu mwoga aliyeona upenyo akapita, na bahati ikawa kwamba upenyo ulitutosha na sisi. Sikujali. Mama aliporudishwa chini alinishika kiwiko na kuniuliza kama ni kweli, hawampeleki mpakani. Nikamwambia hawampeleki.

Pale nje kwenye ngazi wakili alikuwa akimsimulia mwenzake wa joho jeusi jinsi alivyomshauri mteja wake kushona kitenge. Alisimulia kwa madaha, na mikono ikiwa kiunoni. Sikumuaga. Nilimwambia mama akae nimkatie uzi, akakataa. Alisema atafika nao nyumbani, asije mtu akamkamata mara ya pili siku hiyohiyo. Basi tukatembea. Tulizunguka njia ndefu ya Kibuli kwa sababu ya mtaro, watu waliokuwa wakienda kuswali wakitupita na kutupisha. Gauni langu lilikuwa limeshuka vizuri chini ya goti, na bado kila nilipoona kofia ya askari nilijivuta pindo. Hasira ilinipanda hata machozi yakanitoka, na yeye aliyebanwa miguu ndiye aliyekuwa akinibembeleza.

Chumba chake kilikuwa cha bati, kisafi, kina harufu ya mafuta ya samaki. Binti yake alikuwa amekwisha kurudi kutoka shuleni, bado amevaa sare. Alimkimbilia mama yake, akauliza kwa nini anatembea hivyo. Mama akajitupa kwenye kigoda, akaomba wembe, na mtoto akaanza kukata uzi kutoka chini kwenda juu huku mimi nikimsimulia yaliyotokea. Nilipofika kwa askari aliyekumbatia magoti, mtoto alicheka. Alicheka hadi akaanguka chali sakafuni, miguu juu, na mama naye akaanza kucheka. Nikaona sasa yamekwisha.

Kicheko cha mama kikakatika. Alikuwa akiitazama sketi ya shule.

"Simama," akasema.

Mtoto akasimama, bado anacheka. Mama alimgeuza huku na huku, akaweka kiganja juu ya goti lake na kupima mpaka kwenye pindo. Kisha akapiga magoti, akachukua wembe uleule, akaanza kulifumua pindo la sketi ili aishushe.

"Mama, miye niko mutoto," binti akasema.

"Simama muzuri," mama akajibu, na hakuinua kichwa.

Mtoto alikuwa darasa la tatu.