Pweza Aliyelala Masoko

Nilipokuwa mdogo, kule Masoko, kijiji chetu cha mlimani, niliamini mambo mawili: baridi ya kwetu haiachi kitu kioze, na bibi yangu hakosei. Wiki aliyoolewa shangazi Tumpe, mambo hayo yaligombana, na ugomvi ukafanyikia tumboni mwangu.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imewafungulia watu biashara, na kila mwenye mikungu mitatu ya ndizi alijiita mfanyabiashara. Baba mdogo Ambakisye alisindikiza lori la ndizi hadi Dar, akarudi Jumatano na ndoo. Ndani mlikuwa na pweza wa kuchemshwa; barafu ilikuwa imeyeyuka njiani, tangu Makambako.

“Huyu ni wa wakwe, Jumamosi,” alitamba. “Wajue tumetembea!”

Bibi alichungulia, akarudi nyuma. “Ugwe, wewe Ambakisye! Kitu cha maji ya chumvi hakilali mlimani. Kikilala, maji yake huja kukitafuta kwa aliyekila.”

“Mama, kwa baridi hii? Friji yenyewe inaona wivu!”

Akamtundika pweza chini ya paa, upande wa upepo.

Alhamisi mchana, wakubwa wakichuma chai, mimi na binamu zangu wawili tulikata mikono mitatu, mmoja kila mlafi. Jioni maji yakaja. Sitaeleza yalitokea wapi, huenda msomaji anakula. Nilidhani bahari yenyewe imenifuata, nikamsihi Bibi aiambie nimetubu.

Ijumaa asubuhi akafika Bwana Afya na pikipiki yake. Alitunywesha maji ya chumvi na sukari, akamzika pweza kwa chokaa, kisha akatamka maneno yaliyomkalisha Shangazi chini: “Siwezi kuruhusu watu kula pamoja kesho. Kama ni kipindupindu je?”

Harusi ya Kinyakyusa bila kula! Wageni wa Kiwira walikuwa wameshaanza safari. Shangazi alilia kwa sauti. Baba mdogo akatafuta pa kujificha.

“Baba,” Bibi akamwambia Bwana Afya, “wanaoumwa ni hawa watatu tu, na wote wamekula lile dude. Chakula kikichemka mbele ya macho yako?”

Bwana Afya akalegeza masharti. “Kichemke, kiliwe cha moto, na kila mtu anawe kwa sabuni. Lakini mama, nitawalazimishaje? Juzi nimetangaza sokoni, wamenicheka.”

“Simamia masufuria. Watu niachie mimi.”

Jumamosi Bibi alisimama mlangoni na ndoo, sisi watatu tumepangwa kando kama vielelezo vya mahakamani. “Mnawaona hawa? Yale maji bado yanazunguka, yanatafuta mkono usionawa!” Watu walinawa hadi viwikoni. Mzee mmoja alirudi foleni mara tatu.

“Mama, si hivyo, ni bakteria…” Bwana Afya alianza.

Bibi akampa sabuni aishike. Akaishika hadi mgeni wa mwisho, kisha akala sahani mbili za ndizi kwa nyama. Sisi tulipewa uji.

Tangu hapo nimekula pweza katika bandari nyingi, nikiuliza maswali mpaka wapishi wanichukie. Kwa miaka nilimcheka Bibi mbele ya wasomi, na Bwana Afya mbele ya wanakijiji, kote nilishangiliwa. Siku hizi najiona mjinga kidogo. Wale wawili hawakukubaliana hata siku moja ni nini kilichotuumiza, na asubuhi ile hawakuwa na muda wa kubishana. Walikuwa na sabuni moja na watu mia mbili wenye njaa. Shangazi Tumpe akaolewa, tukacheza, na hakuna mgeni aliyeumwa.